Jiwe Langu la Angani

Jumatatu, 5 Mei
Kyule amekuwa mtu! Kyule jirani yangu, ambaye hata mbuzi wake wanamshinda akili. Lile jiwe lililonguruma juu ya kijiji chetu cha Tseikuru wiki jana lilianguka shambani kwake. Kwake, si kwangu! Leo Daktari Gakenia wa chuo kikuu amekuja kulitazama. Jeusi, limeungua. Akasema litapewa jina na wasomi wa nchi za mbali watalichunguza. Kyule akauliza kama linaweza kuitwa Kyule. Sikula jioni.

Daktari anarudi Alhamisi. Amesema huenda yalianguka mengine. Yalianguka, Daktari. Lazima yalianguka.

Jumatano, 7 Mei
Nimelipata! Zito, jeusi, limeungua vizuri upande mmoja. Lilikuwa jikoni kwa mama mkwe, chini ya sufuria. Figa la tatu.

Nani atanishuku? Kwetu Ukambani mwanamume hakanyagi jikoni kwa mama mkwe wake, hata nyumba ikiungua. Nimekanyaga yeye akiwa kwenye maombi ya akina mama.

Alhamisi, 8 Mei
Nimemwambia Daktari lilianguka shambani kwangu, naye amelichukua lote. Akaeleza kwamba chembe za oksijeni hazina uzito mmoja, kuna nyepesi na nzito, na kila sayari ina mchanganyiko wake. Kwa hivyo jiwe haliwezi kuficha kwao. Nikacheka. Kicheko kilitoka vibaya.

Kwa mama mkwe ni kilio. Mafiga yale alikuja nayo alipoolewa, kutoka kwao Makindu, kwa sababu mawe ya mto wetu hupasuka motoni. Nimemlaani mwizi kwa sauti kuliko wote. Mke wangu Mbithe amenitazama sana.

Jumanne, 24 Juni
Majibu. Watu wamejaa uwanja wa kanisa. Jiwe la Kyule lilizaliwa kabla dunia haijakamilika. Mchungaji akakohoa. Langu ni la hapa hapa duniani. Sawa, nikavumilia, nikachukua kofia yangu.

Lakini Daktari hajui kunyamaza. Eti la ajabu ni kwamba si la Tseikuru pia! Alipima hata chembe za strontiamu zilizomo ndani ya mawe. Mawe yetu ni ya kale mno, hili ni changa, la volkano, la upande wa Makindu. Mama mkwe akasimama. Hakunitazama, heshima yake bado ipo. Alimwambia Mbithe aniulize jikoni kwake niliingia na mguu gani kwanza.

Jumatano, 25 Juni
Wazee wameamua. Mbuzi mmoja, na figa jipya kutoka Makindu, nilibebe mwenyewe. La zamani limekatwakatwa, halifai tena. Mbithe amehamia kwa mama yake. Hatarudi mpaka muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, uchemke juu ya figa hilo. Nyumba imekuwa kubwa mno. Namtaka Mbithe. Naogopa, kwa kweli.

Ijumaa, 27 Juni
Makindu ni mbali jamani! Nimeishia mtoni. Nimeokota moja zuri la mviringo, limetoka majini sasa hivi, nikalipaka masizi na mafuta. Limependeza kushinda lile la kwanza.

Jumapili baada ya ibada linawekwa motoni, kanisa lote litakuwepo. Kyule ameomba kiti karibu na jiko. Apewe. Nimeshamwambia Mbithe afungashe nguo zake. Mama mkwe hana maabara.