Hotuba ya Mkurugenzi Siku ya Kuzindua Nyumba ya Vifaa vya Ajabu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye sifa zake tukizitaja zote jua litatuzidi. Waheshimiwa Wasaidizi wa Mgeni Rasmi, Wasaidizi wa Wasaidizi, na yule bwana aliyebeba mkoba. Mwenyekiti wa Kamati Elekezi na Mwenyekiti wa Kamati ya Kuielekeza Kamati Elekezi. Wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo na wanaowakaimia makaimu. Majirani wa eneo hili tuliowasogeza kidogo. Wafanyakazi wa idara yangu mliokuja kwa hiari baada ya kutia sahihi. Mabibi na mabwana. (Kikohozi kirefu kutoka safu ya mbele.) Naambiwa nimemruka Naibu Mratibu, kwa hiyo itifaki niliyoisoma imefutwa na inaanza upya: Mheshimiwa Naibu Mratibu, na wengine wote kama mlivyokwisha kujisikia. (Makofi ya Naibu Mratibu.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao umetambuliwa kwa vyeti vitatu, ili kuzindua Nyumba ya Vifaa vya Ajabu, mradi ambao kwa mujibu wa fizibiliti stadi yetu umefikia asilimia mia moja na kumi na mbili ya malengo, na ambao usingekuwepo kama si maono yangu, jitihada zangu na kujitoa kwangu, bila kunisahau mimi mwenyewe. (Makofi kutoka safu ya wafanyakazi, baada ya karani kuinua kibao.)

Kama mnavyokumbuka, na asiyekumbuka atagawiwa kabrasha, miaka miwili iliyopita ofisi yangu ilipokea taarifa ya siri kutoka kwa jirani wa ukumbi wa zamani uliokuwa papa hapa, kwamba kila Jumamosi mchana watu wazima, wenye kazi na familia zao, hujifungia chumba cha nyuma, na kwamba yeye kwa masikio yake mawili amewasikia dirishani wakigawana upanga, ngao, joho la kutoonekana na mfuko unaomeza farasi mzima pamoja na hatamu zake. Mimi si mtu wa kulala kazini. (Kicheko kinachozimwa haraka.) Nimesema mimi si mtu wa kulala kazini! Nikaunda kikosi, kikosi kikavamia chumba, kikakuta meza, birika la chai, dadu moja yenye nyuso ishirini, bati la biskuti lisilo na biskuti, na watu watatu: muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Sista, fundi cherehani aitwaye Mama Uzi, na fundi bomba, ambaye alikuwa bado na spana mfukoni, nayo tukaiandika kama silaha.

Wakajitetea kwamba ule ni mchezo tu. Eti Sista anasimulia safari ya kubuni, wenzake wanajifanya mashujaa ndani ya safari hiyo, dadu inaamua nani avuke na nani atumbukie shimoni, na hivyo vifaa vya ajabu ni maneno yaliyoandikwa kwenye kadi. Ndivyo wanavyosema wote. Tukalichukua bati.

Ndani ya bati mlikuwa na kadi themanini na nne, zilizoandikwa kwa mkono katika muda wa miaka tisa, na Kamati yangu ya Uhakiki ilizikalia vikao thelathini na kimoja. Ilihakiki Upanga Mwoga, ambao ukiona maadui ni wengi hugoma kuchomoka alani. Ilihakiki Ngao ya Mafua, inayopiga chafya adui akikaribia, na Ufunguo unaofungua kila mlango duniani isipokuwa mlango wa kwako. Joho la kutoonekana hatukuliona popote, na wataalamu wetu wakasema kwa kauli moja kwamba huo ndio ushahidi kuwa lipo. (Makofi ya wataalamu.) Kuhusu Mfuko Usiojaa, ambao ukishatia kitu hukioni tena mpaka ukiite kwa jina, mwanasheria wetu alishauri tusihangaike nao, kwa sababu idara tayari inacho chombo cha aina hiyo, nacho ni trei ya barua zinazoingia, tofauti ikiwa kwamba ile hata ukiita jina haikurudishii kitu.

Ili kukamilisha tathmini shirikishi, niliamua kwenda kuucheza mchezo huo mimi mwenyewe, nikiwa na suti. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi. Mama Uzi akanitazama kwa jicho ambalo wakati ule sikulielewa.

"Wewe utakuwa nani?" Sista akaniuliza.

Nikamwambia mimi ni Mkurugenzi.

"Humu hamna wakurugenzi, mwanangu."

"Basi niandike mfalme."

"Wafalme wamekwisha. Imebaki nafasi ya mpagazi."

Waheshimiwa, nikawa mpagazi. (Kicheko.) Dereva wangu, mzee mwenye mvi zake, ambaye nilimwambia aningoje nje akaja kuomba maji ya kunywa, akapewa kuwa mchawi mkuu. (Kicheko kirefu. Mtu anapiga mluzi.) Ningependa kicheko hicho kielekezwe kwenye kisanduku cha maoni.

Tukaingia pangoni, nikaokota pete, nikaivaa bila kumuuliza mtu, kama ilivyo desturi ya ofisi kwa vitu vilivyokutwa bila mwenyewe. Sista akatabasamu. Kadi yake ilikuwa ofisini kwangu, lakini alikuwa nayo kichwani: Pete ya Ukweli, anayeivaa hawezi kusema lisilo kweli, na haivuliki mpaka jua lizame. Mbele yetu kulikuwa na daraja bovu, na juu ya daraja zimwi, na zimwi likatukodolea macho likauliza, kwa sauti ya Sista lakini nzito, "Daraja langu litatengenezwa lini?"

Nikaanza: "Mchakato uko katika hatua za mwisho..."

Sista akagonga meza. "Pete."

Nikasema: "Kwa kushirikiana na stekiholda wote..."

"Pete, mwanangu."

 Nililitafuta jibu kila pembe ya kinywa changu, nikakuta pamejaa mikakati na rodimapu. Fundi bomba aliacha kutafuna. Mwishowe nikasema neno ambalo katika miaka ishirini na sita ya utumishi sijawahi kulitamka. Nikasema, "Sijui."

Zimwi likaketi kitako. Likasema limelinda daraja lile miaka mia nne, wamepita wenye tai na wenye mataji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulijibu hivyo. Likatupisha. Fundi bomba akanipiga mgongoni mpaka miwani ikanitoka, na Mama Uzi akacheka akafuta machozi kwa kipande cha bitana. Nilifurahi. Nilifurahi kama... naomba neno hilo liondolewe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Ni katika hali hiyo, jua likiwa limezama nami sina tena pete, nilipoahidi kuwarudishia bati lao ndani ya wiki moja na kuwajengea jengo ndani ya siku mia. Utekelezaji ulianza kwa kasi ya kupigiwa mfano: Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, ukumbi wa zamani ulikuwa umekwisha kubomolewa. (Karani anainua kibao. Watu wanamtazama Mama Uzi.) Nimesema kwa kasi ya kupigiwa mfano. (Karani anashusha kibao.) Tangu hapo wanamichezo wetu wanachezea kwenye meza ya kukatia vitambaa ya Mama Uzi, wakiinuka kila mteja anapokuja kupimwa, jambo ambalo idara inalihesabu kama mazoezi ya viungo.

(Mama Uzi anasimama safu ya tano: "Mkurugenzi, bati letu liko wapi?")

Swali zuri. Maswali yatapokelewa mwishoni.

("Mwishoni mwa nini? Mwaka wa pili huu napanda ngazi zako!")

Dada yangu, bati liko salama. Liko kwenye mchakato.

("Zile kadi nyingine kaeni nazo, hata huo ufunguo. Mimi nipe ile ya Taa. Ni mwandiko wa mume wangu.")

Kwa faida ya wasiojua, marehemu mume wake alikuwa seremala, mchezaji wa tangu mwanzo, na kile kiti nilichokikalia kilikuwa chake, jambo ambalo niliambiwa na dereva wangu tukiwa njiani kurudi, kwa ukali usiolingana na cheo chake. Kadi yenyewe tumeisajili kwa namba sabini na saba, Taa ya Kuitia. Aliiandika wiki ya mwisho, kitandani. Taa hiyo haimulikii njia anayeishika. Ukiiwasha, aliyepotea huiona popote alipo, akajua nyumbani ni upande gani. Kamati iliipa alama za chini kwa kuwa haikueleza inatumia betri gani. (Mnong'ono wa hasira.) Mimi sikuwa kwenye kikao hicho. Nilikiongoza tu. Na kuhusu mahali lilipo bati, ninachoweza kusema kwa sasa ni kwamba limehifadhiwa ghala namba mbili, na kwamba timu imeundwa kutafuta ghala namba mbili liko wapi.

(Mlango wa gari unafungwa. Dereva anakuja akipita katikati ya viti, amekumbatia kitu.)

Dereva, nani amekuita? Rudi kwenye gari. Ndugu wananchi, msimpishe. (Wananchi wanampisha.) Bwana, hicho ni kielelezo, kina namba, umekitoa wapi?

("Stoo, Mkurugenzi, asubuhi hii nilipofuata viti hivi. Lilikuwa limewekwa kuzuia mlango usijifunge. Kila siku unaliruka ukienda kunywa chai.")

Na kwa nini hukuniarifu?

("Nilingoja nione utasema liko wapi.")

(Dereva anamkabidhi Mama Uzi bati kwa mikono miwili. Makofi ya kwanza ya watu wote yasiyosubiri kibao.)

Iingie kwenye kumbukumbu kwamba idara, kupitia dereva wake, imekabidhi rasmi... (Mama Uzi amekwisha kulifungua. Anapekua. Fundi bomba amevua kofia.) ...imekabidhi rasmi, kwa mujibu wa... Mama Uzi. Imo? (Mama Uzi anaacha kupekua. Anainua kadi moja, imekunjamana pembeni, anaibana kifuani.) Imo. Haya. Vizuri. Vizuri sana, dada yangu. Ukurasa wangu wa nane uko wapi? Nani amechukua ukurasa wangu wa nane?

(Sista anageuza kiti kuwa meza, anatoa dadu kwenye mkoba wake. "Dereva, keti hapa. Tuliishia mtoni, na wewe ulikuwa umeloa.")

Naona safu ya tano imegeuza viti. Na ya nne. Ndugu wananchi, jukwaa ni huku! Naibu Mratibu, na wewe? (Dadu inarushwa. Shangwe kubwa.) Imeangukia ngapi? ("Ishirini!") Ishirini! Hapana, sikuuliza kwa maana hiyo, nilikuwa nakusanya takwimu.

Kwa ninyi mliobaki mnanitazama, yaani mpiga picha na Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye shingo yake nayo naona imeanza kugeukia kwenye dadu, nihitimishe kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Ajabu," mtaitikia "Kwa wote!" Ajabu! (Mpiga picha: "Kwa wote.") Kila kaya! ("Sijaambiwa hiyo.") Kila kaya, kifaa! Uzinduzi kwanza, ujenzi baadaye! Tulipotoka ni mbali, tunapokwenda hatujapaona, lakini tunakwenda!

Na sasa shukrani. Namshukuru mkandarasi, popote pale atakapopatikana. Nawashukuru wahandisi, ambao wataanza kazi ya kumtafuta mkandarasi mara tutakapokuwa na wahandisi. Namshukuru kwa namna ya pekee mchoraji wa mabango, ambaye kwa siku mbili tu ametuchorea jengo hili zuri la ghorofa tatu, lenye madirisha arobaini na bendera inayopepea hata pasipo na upepo, na pia mke wangu, mwenye mashuka, ambaye anaomba yarudi kabla hayajaingia vumbi. Wageni wetu, tafadhali msijaribu mlango, haujakauka rangi. Yule bwana wa mkoba, ndani huwezi kuingia, huko nyuma ni shamba la mihogo la watu. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkasi ndio huu. Nakuomba ukate utepe polepole, tena upande wa kushoto peke yake, maana ule wa kulia ndio unaolishikilia jengo.