Yai la Milimita Moja na Nusu

Ngokolo, Shinyanga, Jumapili, 1 Machi 1953

Hadubini ni yangu! Mwalimu Mzungu anayehama misheni amechukua baiskeli yangu, mimi nimechukua hadubini yake. Shaba tupu! Ina lenzi mbili, fupi na ndefu. Ile ndefu inakuza mara kumi kuliko fupi. Nimebeba sanduku kichwani mpaka nyumbani, mvua ikininyeshea njia nzima.

Mke wangu Euphrasia ameuliza baiskeli iko wapi. Nimemweleza. Kisha akauliza kama chombo hicho kitambeba mtoto wetu Justa siku akishikwa na homa. Nimeoa mtu asiyeona mbele.

Mpango ni huu. Alhamisi Bwana Daktari anakuja zahanati kwetu kuchagua mtu mmoja wa kwenda Mwanza kusomea kazi ya maabara. Mimi ni karani hapo. Miaka tisa naandika majina ya wagonjwa. Miaka tisa! Jina nani, umetoka wapi, unaumwa nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi naumwa nini. Marcel, mfunga vidonda, anadhani atachaguliwa yeye, kwa kuwa kaptula yake imepigwa pasi na wanga. Tutaona.

Jumatatu, 2 Machi

Nimetazama mguu wa nzi, unga wa mtama na chawa mmoja (alikopatikana ni siri yangu). Maajabu! Lakini kutazama tu si kazi, hata Marcel ana macho. Daktari atauliza kitu kina ukubwa gani. Hapo ndipo Marcel atakapokwama.

Nimepata njia. Nimeweka rula ya shule, ile inayopitisha mwanga, chini ya lenzi fupi. Nikahesabu mistari. Duara lote ninaloliona lina upana wa milimita tano. Basi! Kitu kikijaza nusu ya duara, ni milimita mbili na nusu. Hesabu ya darasa la tatu. Rula nimeificha chini ya godoro, Marcel asije akaona.

Jumanne, 3 Machi

Siku kuu! Nimepeleka hadubini zahanati, rula mfukoni. Mzee Bujiku, mfugaji wa Bugarama aliyefikia kwa binti yake hapa Ngokolo, amekuja tena zahanati. Anakojoa damu tangu Krismasi. Amenisalimu kwa Kisukuma “mwangaluka” kwa sauti ndogo, mimi nikampa shikamoo, nikamwomba mkojo.

Nimetia tone moja chini ya lenzi ndefu, na hilo hapo: yai la kichocho, lina mwiba mkiani kama wanavyosema vitabuni! Limejaza theluthi ya duara. Theluthi ya tano ni moja na nusu na ushee. Yai la milimita moja na nusu! Nimeandika kwa wino mwekundu.

Mwamvua, mama mjane anayeosha chupa za dawa, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza kama nimelipima upya lile duara baada ya kugeuza lenzi. Nikamwambia duara ni lile lile, jicho ni lile lile, na chupa zinamngoja. Akasema, “Haya, Bwana Karani.” Sikuipenda ile haya.

Mzee Bujiku aliuliza nimeona nini. Nikamwonyesha ukubwa wa yai kwenye rula. Alilipima lile pengo kwa ukucha, macho yamemtoka.

Jumatano, 4 Machi

Mzee Bujiku hakuja kuanza sindano zake za kichocho. Binti yake amefika analia. Baba amefunga mzigo wake na kwenda stendi kungoja lori. Amesema kama yai ni kubwa vile, basi aliyelitaga ni nyoka, na nyoka hatoki kwa sindano. Anakwenda nyumbani kuwagawia wanawe ng'ombe wake kabla hajafa.

Nimemwambia binti kwamba mimi nimepima tu. Kupima si kuua. Marcel akacheka akiwa amejifunika uso kwa bandeji. Mshenzi.

Alhamisi, 5 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Bwana Daktari amekuja saa nne. Niliruka mbele ya Marcel, nikamkanyaga mguu (si bahati mbaya), nikaonyesha daftari langu. Daktari alisoma. Akavua miwani. Akasoma tena. Akaniuliza kwa upole, na upole ndio ulioniumiza, kama najua milimita moja na nusu ni kiasi gani. Nikasema najua sana. Akasema, “Yai la ukubwa huo, bwana, mgonjwa angeliona mwenyewe kwenye kopo. Angeliokota kwa vidole.”

Chumba kizima kikacheka. Marcel alicheka mpaka wanga wa kaptula ukakunjika.

Kisha Daktari akataka kumwona mgonjwa. Ikabidi niseme amekimbia. Kwa nini? Nikasema sijui. Mwamvua alinitazama, akarudi kusugua chupa. Afadhali angesema. Daktari ameondoka, atarudi Jumatatu kutoa uamuzi.

Jumamosi, 7 Machi

Jana nilitia rula chini ya lenzi ndefu, kwa hasira tu. Hakuna milimita tano. Hakuna hata moja! Mstari mmoja mweusi mnene kama gogo, na pembeni yake weupe. Nimeelewa tatizo: lenzi ndefu inaharibu rula. Nimeifuta kwa spiriti. Bado.

Leo mchana nimemkuta Mwamvua kwenye meza yangu. Kwenye hadubini yangu! Alikuwa ameng'oa nywele zake, akazipanga bega kwa bega kando ya rula chini ya lenzi fupi. Amehesabu: nywele kumi na tatu zinajaa milimita moja. Kisha akalaza unywele mmoja kando ya lile yai la Jumanne, lililokauka kiooni, chini ya lenzi ndefu. Yai lina urefu wa nywele mbili. Mbili tu.

Nikamuuliza nani amemruhusu. Akajibu kwamba lori la Bugarama halijaondoka, mto umejaa, na Mzee Bujiku amelowa stendi siku ya nne hajala kitu. Hakuniomba ruhusa. Alijifunga khanga akaenda.

Walirudi saa kumi. Mzee alikuwa anatetemeka, begi lake limeshonwa kwa kamba ya katani. Mwamvua akamkalisha, akaweka nywele zake mbili kwenye kiganja cha mzee. “Tazama, baba. Upana wa hizi mbili. Ndilo hilo yai, halizidi hapo.” Mzee akazigusa kwa kucha. Akainama kwenye hadubini, akafumba jicho moja, akaliona yai na unywele kando yake.

Kisha akanigeukia mimi, si Mwamvua. Akauliza, “Karani, kwa hiyo sitakufa?”

Nikamwambia kwanza aandikishe jina lake upya kitabuni, maana Jumatano nililifuta. Akapigwa sindano. Aliuma kitambaa cha kilemba chake, hakulia.

Jumatatu, 9 Machi

Amechaguliwa Mwamvua.

Naandika tena ili nione kama litabadilika. Amechaguliwa Mwamvua! Muosha chupa! Daktari amezitazama nywele zake kwenye hadubini, kisha amempa mkono mbele ya wagonjwa. Mzee Bujiku alikuwepo kwa sindano ya pili, akapiga makofi, na binti yake akapiga vigelegele. Marcel amejifungia stoo. Nilimsikia akipiga teke debe. Hiyo ndiyo furaha yangu pekee ya wiki hii.

Daktari akaniambia ni kosa dogo, yeyote angeweza kulifanya: kila lenzi ina duara lake, upime kila moja. Nikasema ndiyo, bwana. Mwamvua naye akanijia akasema nisivunjike moyo, atakaporudi kutoka Mwanza atanionyesha. Atanionyesha! Mimi!

Nimeacha kazi. Nimesema kwa sauti ili wote wasikie. Mganga mkuu wa zahanati akasema sawa, na akaomba ufunguo wa kabati. Hakuniuliza hata mara ya pili.

Euphrasia hakunigombeza. Amepika ugali, akanitengea, akasema Baba Justa kula. Kisha akamchukua mtoto akaenda kwa dada yake. Kwa miguu.

Nyarugusu, Jumatano, 18 Machi

Hapa ndipo pangu! Hapa watu wana akili. Wanachimba dhahabu usiku na mchana na hakuna hata mmoja mwenye hadubini. Shinyanga hawakunistahili.

Leo mchimbaji mmoja, Nkwabi, kijana mpana wa mabega na mwenye ndugu wanne wapana zaidi, ameniletea vumbi lake la dhahabu kwenye kipande cha karatasi. Ameuliza kama lina kitu. Nimeondoa lenzi fupi kabisa, haina faida, inaonyesha vitu vidogo vidogo tu. Nimetumia ndefu peke yake. Chembe moja imejaza duara lote. Pembeni hadi pembeni! Milimita tano kamili, kubwa kama punje ya mahindi.

Nimemtangazia. Amepiga yowe. Ndugu zake wamekuja wakikimbia, wamenibeba juu juu, wamechinja mbuzi. Nimepewa kiti na maini. Naandika haya nikiwa nimeshiba kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Chembe yenyewe hatuioni tena, imeingia kwenye mkunjo wa karatasi. Si neno. Kesho asubuhi wanakwenda nayo kwa mnunuzi, ndugu wote watano, na wamesisitiza nifuatane nao. Nimekubali. Nimewaonya mapema: mizani ya mnunuzi ikisema vingine, basi mizani hiyo ni mbovu.