Mashine Inayoita Beni Yenyewe

Jumatatu, 5 Machi 2001, Butembo

Barabara ya Beni imefungwa tena na vita. Magari hayapiti, barua hazipiti. Inapita sauti tu, kwa phonie, redio ya kanisa ninayoisimamia mimi, Zorobabel. Sadrack ananisaidia, lakini anajua kuzungusha kifundo cha redio tu, basi.

Jumamosi saa nne asubuhi mzee Ésaïe atakuwa kwenye phonie ya Beni kunipa jibu kuhusu binti yake, Orpa. Nampenda Orpa. Baba yake namwogopa. Nikimsikia tu, nashikwa na kigugumizi.

Lakini nina ordinateur, kompyuta yangu mwenyewe! Imetoka Kampala, karibu mpya. Nimeiandikia programu. Ikifika saa, inawasha phonie, inatafuta frikwensi, inaita: « Beni, Beni, hapa Butembo, ni kwa habari ya Orpa. » Inasikiliza. Kila mzee anaposema jambo, inajibu kwa sauti yangu, niliyoirekodi nikiwa sina woga: « Ndiyo, mzee. Nimekubali yote. À vous. » À vous ndiyo kumpa zamu ya kusema. Baba mkwe anataka nini zaidi?

Nimebandika karatasi: MUTU ASIGUSE. Sadrack ameisoma mara mbili.

Jumatano, 7 Machi

Jaribio. Mashine iite saa mbili asubuhi. Niliandika 2. Saa mbili imefika, kimya. Waliofika ni askari. Kumbe phonie ilikuwa hewani usiku wa manane, ikimwambia mzee fulani kwamba imekubali yote. Komanda wao ameniuliza kwa Kilingala chake, Orpa azali nani? Ni silaha? Ikiita tena usiku, atanibeba mimi na mashine. Pasta Malachie wa kanisa letu ameomba radhi mpaka jasho likamtoka.

Sadrack anasema ordinateur inahesabu saa kama Wafaransa: saa mbili yetu ni 8 yake. Nilikuwa karibu kugundua mwenyewe.

Ijumaa, 9 Machi

Kwa ajili ya kesho nimeandika 10. Ndiyo saa nne. Sadrack bado ananung'unika: « Mais yaya, kaka yangu, ile saa ya mashine iko ya Kampala. Inatupita na saa moja. » Wivu huo! Nimemwambia mwenye kifundo abaki na kifundo.

Kesho nitanyoa ndevu, nitavaa koti, nitakaa mguu juu ya mguu nikisikiliza mashine ikiniozesha.

Jumamosi, 10 Machi

Nimefika kabla ya saa nne, na koti. Sadrack alikuwa amekaa chini ya karatasi, amekunja mikono. Mambo yalikuwa yamekwisha. Mashine iliita saa tatu!

Na mzee Ésaïe alikuwepo. Wazee huwahi. Alitaka mbuzi mmoja zaidi ya desturi, mashine ikakubali. Alitaka nihamie Beni nimsaidie shamba la kakao, ikakubali. Sadrack anasema mzee alicheka kwa furaha. Ndipo akataka kunipima. Kuna mwalimu Tshibangu, aliyeletwa Beni kabla ya vita, naye anamwomba Orpa. Je, ningekubali apewe yeye?

« Ndiyo, mzee. Nimekubali yote. À vous. »

Nyuma ya mzee Orpa alisikika akilia. Kisha mzee akasema: terminé, yaani mazungumzo yamekwisha.

Nimemuuliza Sadrack kwa nini hakushika mikro. Amenionyesha karatasi.

Nimelia mpaka koti limelowa. Sadrack amenipikia chai. Nimeinywa, lakini sijamshukuru.

Jumapili, 11 Machi

Baada ya ibada Sadrack amezungusha kifundo chake na kumpata Orpa. Anasema bado ananitaka! Kesho saa tatu asubuhi atamleta baba yake kwenye phonie. Niongee mwenyewe, kwa mudomo yangu, mara hii tu. Nisipoongea, mwalimu ataitwa mchana apewe jibu.

Kwa mdomo wangu? Mdomo huu unaokwama? Nimerekodi maombi ya msamaha, safi kabisa, bila kigugumizi hata kimoja. Saa ya Kampala nimeirekebisha. Sasa mashine inafuata Butembo. Kosa lilikuwa hilo tu.

Saa tatu. Nimeandika 3.

Sadrack amefungua mdomo. Nimemwonyesha karatasi.