Atakayeifungua Kompyuta ya Masinde

Waliaula alikuwa akinywa chai aliyolipiwa na mtu mwingine, katika hoteli moja ya Kisumu, mwaka wa 1979, aliposikia kwamba kompyuta ya Masinde, tajiri wa pamba, imefungika. Karani aliyefutwa kazi alibadilisha neno la siri kabla ya kuondoka, na sasa mashine haimtambui hata aliyeinunua. Waliaula hakuwahi kuona kompyuta, lakini hilo, ndugu yangu, halijawahi kumzuia mtu wa aina yake. Alinyoosha tai, akaingia ofisini na kujitambulisha kuwa fundi kutoka Nairobi.

Masinde aliapa mbele ya makarani wote kwamba atakayeifungua mashine ile atachukua pikipiki yake nyekundu. Kisha akamvuta Waliaula pembeni na kumnong'oneza ukweli. Yule karani, Nasipwondi, alikuwa amemwachia barua kwamba neno jipya ni jina la mama mkwe wake Masinde.

"Sasa si uliandike, Mzee?"

"Bwana, mimi ni Mbukusu. Kwetu ni mwiko: jina la mama mkwe silitaji, wala siliandiki, na kwake siendi."

"Na mama watoto?"

"Huyo asikanyage hapa."

Masinde alitokwa na jasho. Ndani ya mashine kulikuwa na rekodi ya ploti ya Katito aliyomnunulia Adero, na Adero hakuwa dada yake.

Waliaula nusura acheke. Kazi yenyewe ilikuwa jina moja tu! Aliomba kwanza aijaribu pikipiki, akaitimua hadi mtaa wa Migosi kwa Dorca, mke wa Masinde, aliyekuwa mwalimu. Akajifanya ametumwa na kanisa kuandika majina ya akina nyanya wa kuombewa. Dorca alimkaribisha vizuri, akampa uji, akaitazama pikipiki ya mumewe pale nje. Mumewe hajawahi kumwazima mtu hata baiskeli. Akasema mama yake anaitwa Nabwire.

Waliaula alirudi mbio, akaandika Nabwire. Mashine ikakataa. Akaandika tena, polepole, kwa adabu. Ikakataa. Alikuwa ameanza kulaumu unyevu wa ziwa pale Dorca, aliyeifuata pikipiki, alipoingia na kuliona jina lile kwenye kioo.

"Nabwire ni jirani yangu," alisema. "Sogea."

Alibonyeza herufi za jina la mama yake moja moja, na mashine ikafunguka. Akasoma hadi Katito. Uchungu ulimjaa, maana miaka kumi na minne alikuwa akiambiwa ploti watatafuta mwakani. Masinde alitazama viatu vyake.

Dorca aliwauliza makarani nani aliahidiwa pikipiki. Wakajibu bila kumtazama mkubwa wao: aliyeifungua mashine.

"Nampelekea mama," Dorca akamwambia mumewe. "Ukiitaka, ifuate kwake."

Kisha akamgeukia Waliaula. "Na wewe washa. Leo utafanya kazi moja ya kweli."

Waliaula aliendesha, Dorca amekaa nyuma, vumbi tupu hadi Port Victoria kwa mama yake Dorca, na nauli ya kurudi akajitafutia mwenyewe. Masinde hajaifuata pikipiki mpaka leo.