Ofisi ya Mng'ao na Vumbi la Kalama

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba tangu Ofisi ya Mng'ao na Ulinzi wa Rangi ianzishwe hapa Machakos, hakuna gari hata moja chini ya himaya yake lililopata mkwaruzo. Tulikabidhiwa magari manne, na yote manne yanang'aa kama siku yaliyoshushwa melini. Siri ya mafanikio haya ni mpango madhubuti: hakuna gari linaloruhusiwa kutoka getini.

Taarifa yangu ingeishia hapo, kwa makofi, ila Jumatatu moja saa tatu asubuhi alitokea mgeni ambaye hakuwa kwenye ratiba.

Alikuwa mwanamke mzee mwenye leso begani na viatu vya plastiki vilivyojaa vumbi jekundu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya gari la kliniki tembezi, nikimalizia boneti. Naomba nieleze kazi yenyewe kidogo, maana watu huidharau. Unaosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia. Unakausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Unapaka nta nyembamba kwa miduara midogo, kivulini, kamwe si juani. Unaiacha ifanye ukungu, kisha unaipangusa mpaka uone uso wako. Mkono uzunguke upande gani? Kamati ya watu saba ilikaa miezi mitatu juu ya swali hilo, ikaamua uzunguke kama mshale wa saa, isipokuwa sikukuu.

Kipimo cha ubora ni cha kisayansi. Mkurugenzi wetu, Bwana Bartholomew, huinama juu ya boneti na kuhesabu meno yake. Akiyapata yote thelathini na moja, gari limefaulu. Mwezi wa tano tulipata ushahidi wa ziada. Hirad, mfanyabiashara wa mifugo hapa mjini, alikuwa akipitisha mbuzi wake mbele ya geti letu. Beberu mmoja akamwona beberu mwingine ndani ya mlango wa gari la Mkurugenzi. Akarudi nyuma hatua tano, akaja na kichwa. Alizuiwa kwa kamba, zikiwa zimebaki inchi mbili tu augonge mlango. Mkurugenzi alimfokea Hirad mpaka sauti ikakauka, halafu akaagiza tukio liingizwe kwenye ripoti: "Ubora umethibitishwa na mdau huru."

Turudi kwa mgeni.

"Wewe kijana, hii ndiyo gari ya chanjo?"

"Ndiyo, susu," nikasema. Kwetu bibi huitwa susu, hata kama si wako. "Karibu sana. Naomba tu usiiguse."

"Sijaigusa, naiangalia. Asi! Kumbe iko mzima! Sisi huko Kalama tulisikia ilianguka."

"Haijaanguka. Iko kwenye ulinzi."

"Nani anailinda?"

"Mimi."

"Unailinda na nani?"

Hilo halikuwa kwenye mafunzo yangu, na nina shahada ya utawala wa umma. "Nailinda na barabara," nikajibu.

Mzee alishika kiuno akacheka mpaka mlinzi wa geti akachungulia. Kisha aliacha kucheka, akafungua leso na kutoa kitabu cha kliniki. Jina lake lilikuwa Nzembi. Mjukuu wake Kaluki alikuwa ametimiza miezi tisa, umri wa sindano ya surua. Kwa miezi saba, kila Alhamisi, akina mama wa Kalama walikuwa wameketi kwenye uwanja wa kanisa wakisubiri gari hili. Wiki iliyopita mtoto wa jirani alitokwa na vipele na macho mekundu.

"Hiyo ni surua," akasema. "Mimi nimekuja kwa mguu mpaka lami. Wale wako na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, watatembea aje? Gari itakuja lini?"

"Alhamisi hii," nikasema. "Kabla ya saa nne."

Maneno yalitoka kabla hayajapita kwenye kamati yoyote.

Mkurugenzi aliniita baada ya chakula cha mchana. Ni mtu mkarimu, alinipa kiti.

"Lenny, Alhamisi ni siku ya ukaguzi. Kamati inakuja saa tano. Wewe unataka kupeleka gari Kalama? Unajua miiba ya kule inafanyia rangi nini?"

"Kuna surua, bwana."

"Surua inapona. Mkwaruzo hauponi." Alifungua droo akanionyesha karatasi moja. Ilikuwa barua yangu ya ajira ya kudumu, imepigwa chapa, inangoja sahihi tu. Mkataba wangu wa muda ulikuwa unaisha Ijumaa. "Magari manne yapite ukaguzi, nami natia sahihi hapo hapo. Mama yako atafurahi."

Mama yangu kweli angefurahi. Alikuwa ameshamwambia padri.

Jioni hiyo nilisoma kanuni zetu zote, kurasa sitini na mbili, na kwenye ukurasa wa hamsini nikapata njia. Gari linaweza kutoka kwa ajili ya "jaribio la uimara wa nta katika mazingira halisi," kwa idhini ya afisa wa zamu. Afisa wa zamu Alhamisi nilikuwa mimi. Nikajiandikia ombi, nikalitafakari kwa haki, nikalikubali.

Dereva wetu Mutunga hakuamini. Kazi yake kwa miezi saba ilikuwa kuwasha injini asubuhi, kuisikiliza, na kuizima.

"Bosi, mimi hata nimesahau gia ya tatu inakaa wapi."

"Itafute pole pole," nesi Loise akamwambia, akipakia kisanduku cha barafu chenye dozi arobaini, zote alizokuwa nazo. "Mimi nilishaanza kufikiri chanjo ni za kupamba friji."

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Lami ilipoisha, vumbi lilitupokea kama ndugu aliyepotea. Miiba ilipita kwenye mlango wa kushoto kwa mlio ambao bado nausikia nikiwa ibadani. Nilifumba macho. Saa moja na nusu tulifika uwanja wa kanisa.

Watoto walikuwa arobaini na tisa. Loise alichoma sindano bila kupumzika, mpaka kisanduku kikabaki maji ya barafu peke yake. Tisa walikuwa bado. Wa mwisho kabisa alikuwa Kaluki, kwa sababu bibi yake alikuwa amezunguka vilimani tangu alfajiri akiita wengine.

"Susu, pole sana," Loise akasema. "Dozi nyingine zinafika Jumatano. Tutarudi Alhamisi. Acha niandike majina kwenye daftari."

"Weka hiyo daftari yako, mwana wakwa. Tumeandikwa mara tatu. Daftari inaenda ofisini, inalala."

Nzembi akazunguka nyuma ya gari. Mlango wa nyuma ulikuwa mwekundu kwa vumbi kutoka juu mpaka kwenye bampa. Akanyoosha kidole akaandika: KALUKI. Akina mama wengine wakamfuata mmoja mmoja, na asiyejua kuandika akaandikiwa na mwenzake. Majina tisa.

"Sasa hii gari haiwezi kutusahau," akasema. "Ikirudi na majina, tutajua mnatukumbuka. Ikirudi ikimetameta, tutajua wenyewe."

"Hatutapangusa," Mutunga akasema.

"Sisemi na wewe. Nasema na huyu mwenye kitambaa."

"Sitapangusa, susu," nikasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka Alhamisi."

Tulirudi saa tano na nusu. Kamati ilikuwa imeshafika. Mwenyekiti wake, Bi Pauline, mama mfupi mwenye miwani na daftari, alikuwa amesimama kando ya gari la Mkurugenzi, na Mkurugenzi mwenyewe ameinama juu ya boneti akimhesabia meno kwa sauti. Alikuwa amefika ishirini na sita. Alipotuona hakuendelea.

Alinijia mbio, huku bado anatabasamu kwa ajili ya wageni. "Lenny! Maji! Nta! Anza na huo mlango wa nyuma kabla hawajauona. Barua iko mfukoni mwangu, kalamu hii hapa."

Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu. Ndoo zote mbili zilikuwa zimejaa. Ningemaliza kwa dakika kumi.

"Siwezi, bwana. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Susu mmoja wa Kalama."

"Wa kamati gani?"

"Hana kamati, bwana."

Mkurugenzi alinitazama kwa huzuni ya kweli. Akafunika kalamu.

Bi Pauline alikuwa amekaribia. Alisoma mlango, jina kwa jina, akatuuliza, nasi tukamweleza. Kisha akageukia magari mengine.

"Hili limetembea kilomita ngapi mwaka huu?"

"Sifuri, mheshimiwa!" Mkurugenzi akasema, kifua mbele.

"Na lile?"

"Sifuri!"

"Na lako?"

"Sifuri nukta nne. Tulilisogeza kivulini."

Bi Pauline aliandika kwa muda mrefu. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka vilima vya Iveti, na tone la kwanza likadondoka kwenye daftari lake.

"Kanuni yenu ya kwanza inasemaje?"

Mkurugenzi aliisema kwa moyo, maana aliitunga yeye: "Ofisi italinda, kwa gharama yoyote, kila kilicho juu ya bati la gari la umma."

"Vizuri. Juu ya bati la gari hili kuna majina tisa. Na mvua hiyo inakuja. Yalinde."

Gari la Mkurugenzi lilikuwa na kifuniko chake, cha kitambaa laini kama shuka la bwana harusi, kilichoshonwa kwa vipimo. Akakileta mwenyewe. Upepo ulikuwa mkali, na kwa kuwa kamba zilikatika, ilimbidi asimame nyuma ya gari, suti na tai, ameshika pembe mbili mpaka mvua ikapita. Kwa wiki nzima alikalia kiti mlangoni akifukuza ndege wasichafue vumbi. Ndege nao, kwa kukosa pengine, walihamia kwenye boneti yake.

Magari matatu yaligawiwa wenye kazi. Lile la Mkurugenzi lilipewa daktari wa mifugo. Nasikia yule beberu wa Hirad amelipita mara nyingi bila ugomvi, kwa sababu siku hizi mlango huo hauonyeshi mtu yeyote.

Barua yangu haikusainiwa. Kamati hukagua magari, haiajiri watu, na Mkurugenzi alieleza kuwa mkono wake umechoka kwa kushika kifuniko. Ijumaa nilirudisha ndoo mbili. Mama alimwambia padri kwamba tusubiri.

Alhamisi nilipanda gari kama raia wa kawaida. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma, mkono nje ya dirisha, nikishikilia ukingo wa kifuniko njia nzima, na Mutunga, ambaye sasa alijua gia zote zinakokaa, aliendesha kama amebeba mayai.

Uwanjani nikafungua kamba. Susu Nzembi akasogea, akasoma polepole, akihesabu kwa kichwa. Yalikuwepo yote tisa.

Loise akaanza. Kila mtoto alichomwa, akalia, akabebwa mpaka mlangoni kufuta jina lake kwa kiganja chake mwenyewe. Kaluki alikuwa wa mwisho tena. Bibi yake akamshika mkono mdogo, akaupitisha juu ya herufi sita, na pale ulipopita mkono, rangi ikatokea chini ya vumbi, nyeupe, inang'aa, na ndani yake uso wa mtoto aliyenyamaza ghafla kujitazama.

Ilikuwa nta nzuri.