Maua ya Wangari Yamekufa

Jumatatu, 3 Machi 2008
Chuo kimefunguliwa. Bustani ya ndani, kati ya yale majengo ya zamani ya mawe, imejaa magugu. Wangari wa maktaba hayupo. Alikimbilia Nakuru Januari, nyumba yake ya mtaa wa Langas, hapa Eldoret, ilipochomwa katika ghasia za uchaguzi. Miaka yote tumegombania bustani hii. Eti avokado yangu inatia mawaridi yake kivuli. Sasa yote yangu! Kesho nang'oa mawaridi.

Jumatano, 5 Machi
Sijang'oa. Nimeyamwagilia maji. Si huruma! Udongo mkavu ni mgumu kuchimba. Jelagat wa jikoni amenikuta na ndoo, akacheka. Atajua nini?

Jumanne, 11 Machi
Wangari amempigia Jelagat simu. Harudi. Amepata kazi katika shule fulani hukohuko Nakuru, na maua yake apewe yeyote. Nilipaswa kufurahi. Chai imenishinda. Sasa nitagombana na nani? Jelagat? Yule hukubali kila kitu.

Alhamisi, 13 Machi
Mpango! Wangari habembelezwi, hukasirishwa. Nimempigia nikamwambia mawaridi yamekauka yote. Akasema: "Lazarus, usiguse kitu. Nakuja." Akakata. Akili zangu, jamani!

Jumapili, 16 Machi
Balaa. Mawaridi yamechanua. Mekundu kila mahali! Nimeyafunika kwa magunia ya viazi. Upepo ukayabeba magunia hadi mlangoni kwa mkuu wa chuo. Nimesema ni usafi.

Jumatatu, 17 Machi
Amefika. Amekonda. Mkononi msumeno. Alisimama mbele ya maua, akauliza nani ameyatunza. Nikasema mvua. Akasema mvua haijanyesha tangu Krismasi, kisha akalia. Mimi nikaingiwa na vumbi jichoni, yote mawili. Alipomaliza kulia akakata tawi kubwa la avokado yangu! Nikafoka. Akafoka. Jelagat akaleta chai, tukaendelea kufoka huku tukinywa. Atakaa kwa Jelagat kwanza, aone kama moyo utatulia. Anasema usiku bado anashtuka mbwa wakibweka.

Ijumaa, 21 Machi
Bado yupo. Nimeapa, uongo basi. Ila huu mmoja mdogo, wa kuhakikisha. Nimepigia ile shule ya Nakuru, nikasema Wangari ameolewa Eldoret, wasimngoje.

Jumanne, 25 Machi
Shule imempigia Wangari kumpongeza. Wanataka kumjua bwana harusi, wamtumie blanketi. Ananitafuta ofisi kwa ofisi. Nimo stoo, nawaza jina la kuwapa. Liwe la mtu anayeishi mbali.