Ofisi Iliyouliza Mara Moja

Ilitangazwa rasmi katika ukumbi wa chini wa kanisa la Nordby, Minnesota, mbele ya birika la kahawa na vipande vya keki ya limau, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mkazi atakayeachwa ahangaikie ndoto yake peke yake. Jamii nzima itasimama nyuma yake, kwa uratibu wa Ofisi ya Uwezeshaji wa Ndoto. Mkurugenzi akateuliwa Verlyn Haugstad, ambaye hadi juzi alikuwa akiendesha gari la kusukuma theluji barabarani, na aliliendesha vizuri.

Verlyn aliipokea kazi kwa moyo mmoja. Alinunua tai. Akaandaa mkakati, kisha mpango wa utekelezaji wa mkakati, na katika kuandaa akagundua jambo: watu wa Nordby wanapoteza muda. Mkaribishe mtu kitu, atakataa. Mkaribishe tena, atakataa kwa sauti ya chini zaidi. Ya tatu ndipo atasema, "Haya, kama sikusumbui." Ndivyo walivyolelewa, na Verlyn mwenyewe hajawahi kukubali hata kiti kabla ya mara ya tatu. Lakini ofisi ya umma si sebule ya mtu. Akatoa mwongozo: mwananchi ataulizwa mara moja, na jibu lake litaheshimiwa.

Wa kwanza kufika alikuwa Ardis Tollefsrud, mpishi mstaafu wa shule. Tangu afiwe na mumewe alitamani kitu kimoja tu, kufungua mgahawa wa kifungua kinywa katika kile chumba cha kinyozi kilichofungwa, maana asubuhi za nyumbani kwake zilikuwa kimya mno. Mji mzima ulijua.

"Bi Ardis," Verlyn akasema, "ofisi iko tayari kukukabidhi chumba cha kinyozi, pamoja na jiko. Unakihitaji?"

"Ah, hapana, msijisumbue kwa ajili yangu."

"Ofisi imepokea msimamo wako."

Ardis hakuondoka. Alikaa na mkoba mapajani, akitazama dirishani kwa adabu. Verlyn alijua anasubiri nini. Swali la pili lilimpanda hadi kooni, akalimeza, na likamuuma kweli, kwani mama huyu alimlisha tangu hana meno ya mbele.

"Kuna lingine, Bi Ardis?"

"Hakuna, mwanangu. Theluji imezidi mwaka huu."

"Imezidi."

Akaenda zake. Wakaja wengine, nao wakakataa. Theluji ilipoyeyuka, Verlyn aliripoti kwa fahari kwamba Nordby haina hata ndoto moja inayosubiri msaada. Kaunti ikastaajabu, ikaamua kumpandisha cheo.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Meya Corrine Stenvik akasimama.

"Verlyn, kaunti inakuomba uwe Kamishna wa Ndoto wa kaunti nzima. Gari, dereva, ofisi ya ghorofani. Unakubali?"

Verlyn hakuwahi kutamani kitu chochote kiasi kile. Akainamisha kichwa kama alivyofundishwa na mama yake.

"Ah, hapana, wapo wanaostahili kuliko mimi."

"Tumepokea msimamo wako," akasema Meya, ambaye aliupenda sana ule mwongozo.

Verlyn akabaki wima, akitazama dirishani.

"Kuna lingine, Verlyn?"

"Imekula kwako, shemeji," akanong'ona Duane, kaka wa mkewe, na ukumbi mzima ukasikia.

"Basi tumalizie chumba cha kinyozi," Meya akaendelea. "Kuna yeyote ambaye—"

"Ndiyo," akasema Ardis.

Watu wakashusha vikombe. Mchungaji akakohoa. Ardis aliiva masikio kwa aibu, lakini hakulirudisha neno lake.

Siku hizi mgahawa hujaa kabla hakujapambazuka. Baridi iliporudi, Verlyn alirudi kwenye gari lake la theluji, na kila asubuhi hupitia hapo akiwa na njaa. Juzi akamwona Ardis anatoka jikoni na sahani ya chapati za maji zinazofuka moshi. Safari hii hakutaka kufanya kosa.

"Ndiyo," akasema, Ardis akiwa bado hatua kadhaa kutoka mezani.

"Sijakuuliza, mwanangu," akasema Ardis, akapita na sahani kuelekea meza ya Meya.